MOSHI WA UDI, UPEPO WA KUSI NA HISABATI YA MSUKOSUKO

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi, Kikoneni, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)



 



Nimeombwa nizungumze kabla ya magharibi, na najua saa hii kila mtu roho yake iko kwa tende na uji. Kwa hivyo sitawachosha. Mada yangu natoa katika somo ninalosoma, yaani hisabati, lakini hamtahitaji kalamu wala daftari. Nataka tujibu suali moja tu: kwa nini maji na hewa, vitu ambavyo huanza kwenda kwa utulivu, hufika mahali vikavurugika? Na hisabati yatusaidia vipi kulifahamu jambo hilo?

Musidhani ni suali la darasani peke yake. Lamhusu mvuvi wa Shimoni na Wasini, lamhusu mkulima wa hapa kwetu anayengoja mvua ya mwaka, na latuhusu sisi sote tunapoambiwa kwamba bahari itachafuka, tukae tukijiuliza: tuamini au tupuuze?

MOSHI NA MFEREJI

Leo baada ya taraweh, mukifukiza udi nyumbani, fungeni madirisha, muzime feni, kisha mukitazame chetezo kwa makini. Moshi watoka kwenye kaa na kupanda umenyooka kama uzi. Ukishafika juu kidogo, ule uzi waanza kuyumba. Wajipinda huku na huku, wafanya vizingo, halafu wavunjika na kutawanyika chumba kizima. Sasa, nani aliyeupuliza? Hakuna. Upepo haupo, udi ni ule ule, na kaa ni lile lile. Basi ni nini kilichobadilika kati ya chini na juu?

Au nendeni penye mfereji wa kutilia udhu. Mukiufungua kidogo, maji yashuka laini, yang'aa kama kioo, hata mtu aweza kudhani yamesimama. Mukiufungua sana, yageuka meupe, yapiga kelele na kurusha matone. Maji ni yale yale na mfereji ni ule ule. Kilichozidi ni kasi tu.

Watu wameyaona mambo haya tangu zamani. Lakini kuona ni jambo moja, na kujua ni wakati gani hasa utulivu huvunjika ni jambo jingine. Hapo ndipo hisabati inapoingia.

JARIBIO LA MWAKA 1883

Alikuwako mwalimu wa chuo huko Manchester, Uingereza, jina lake Osborne Reynolds. Mwaka 1883 alitangaza jaribio ambalo hadi leo wanafunzi hulifanya. Alichukua bomba la kioo, akapitisha maji ndani yake, na katikati ya maji akaingiza mstari mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, ule mstari ulinyooka mwanzo hadi mwisho wa bomba, kama uzi wa moshi wa udi. Alipoongeza kasi, ukafika wakati mstari ukatikisika ghafla na rangi ikaenea bomba zima.

Reynolds aligundua kwamba si kasi peke yake inayoamua. Mambo matatu hushirikiana: kasi ya maji, upana wa bomba, na mnato. Mnato ni ule uzito wa kutiririka: asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Akasema: zidisha kasi kwa upana, kisha gawa kwa mnato. Jibu lake ni namba moja, na leo twaiita namba ya Reynolds. Katika bomba la mviringo, namba hiyo ikiwa chini ya 2000 hivi, mtiririko hubaki mtulivu. Ikipanda sana kupita hapo, kwa kawaida maji huvurugika.

Hebu tupige hesabu yetu wenyewe. Chukua bomba la nusu inchi, upana wake ni milimita 13 hivi. Maji ya huku kwetu yenye joto la nyuzi 30 yana mnato wa 0.8 kwa kipimo cha milimita na sekunde. Fungua polepole, maji yaende sentimita 10 kwa sekunde, yaani milimita 100. Kwa kasi hiyo lita moja yajaa kwa dakika moja na robo. Sasa 100 mara 13 ni 1300, gawa kwa 0.8, wapata 1625. Iko chini ya 2000, kwa hivyo ndani ya bomba maji yametulia. Ongeza kasi mara kumi, lita ijae kwa sekunde 7 na nusu, namba yawa 16,250. Hapo utulivu umekwisha.

Na lau kwamba ndani ya bomba lile si maji bali ni uji, tuseme wenye mnato mara 100 ya maji? Hata kwa ile kasi kubwa namba yawa 162 tu. Ndiyo sababu uji ukimiminwa kutoka kwenye upawa hushuka taratibu kwa adabu zake, lakini maji hayana subira hiyo.

Maana ya namba hii ni nyepesi. Ndani ya kila mtiririko muna mvutano wa pande mbili. Upande mmoja ni nguvu ya mwendo: kila tone lataka kuendelea kule linakokwenda, hata likigongana na mwenzake. Upande wa pili ni mnato, na mnato ni kama mzee wa mtaa. Anayekimbia humshika mkono ampunguze, anayechelewa humsukuma, na ugomvi ukianza huuzima mapema. Namba ikiwa ndogo, mzee ana nguvu na mtaa umetulia. Namba ikiwa kubwa, vijana wamemshinda mzee.

Moshi wa udi nao ni hivyo hivyo. Hewa ya moto ikitoka kwenye kaa huzidi kasi kila ikipanda, na ule mkondo wake huzidi upana. Chini namba ilikuwa ndogo, juu ikawa kubwa.

Daktari naye aitumia elimu hii kila akiweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani. Valvu ya moyo ikiwa imebana, damu hulazimika kupita kwa kasi pale penye tundu dogo, huvurugika, na mvurugiko huo hutoa mvumo. Daktari husikia kwa sikio kile ambacho Reynolds alikiona kwa rangi.

SUALI AMBALO HISABATI HULIULIZA

Hadi hapa tumejua ni lini. Sasa tuulize kwa nini. Katika hisabati, tukitaka kujua kama jambo ni thabiti, hatuanzi kwa kuuliza "Je, limetulia?" Twauliza hivi: "Likitikiswa kidogo, litarudi au litazidi?"

Chukua gololi uitie ndani ya bakuli. Iguse, itayumba na kurudi katikati. Sasa lifudikize bakuli uiweke gololi juu yake. Ukiwa na mkono mtulivu, itakaa. Lakini ukiigusa hata kwa unywele, imekwenda. Katika hali zote mbili gololi ilikuwa imetulia. Tofauti ni kwamba utulivu wa kwanza ni wa kweli na wa pili ni wa kuazima.

Watu wa pwani ya kusini twalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilichojaza watu kupita kiasi kilipinduka, na watu 272 wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Chombo chochote cha majini huyumba, hilo ni la kawaida. Chombo kilichopakiwa vizuri kikiinama hurudi. Lakini uzito ukizidi na ukawa juu, chombo huweza kwenda kimya kimya kama kwamba hakuna neno, kumbe ni gololi iliyo mgongoni mwa bakuli. Ndiyo maana mwenye akili hasemi, "Mbona jana kilivuka salama?" Husema, "Kikiinama kidogo, kitarudi?"

Mtiririko wa maji na hewa huulizwa suali lile lile. Milinganyo ya mwendo wake iliandikwa na Mfaransa Navier mwaka 1822 na ikakamilishwa na Stokes mwaka 1845. Mwanahisabati huanza na mtiririko uliotulia, huutia msukosuko mdogo sana kwa kalamu yake, kisha hufuata hesabu aone ule msukosuko unakwenda wapi. Mara nyingi jibu lote hukaa katika namba moja: kima cha kukua. Kikiwa chini ya sifuri, msukosuko hufa. Kikiwa juu ya sifuri, hukua.

Na kukua kwenyewe si kwa kujumlisha, ni kwa kuzidisha. Chukua kiwimbi cha milimita 1 kinachojizidisha mara mbili kila sekunde. Ikipita sekunde moja ni milimita 2, kisha 4, kisha 8, mtu asema "hiki si kitu." Zikipita sekunde 10 ni milimita 1024, yaani kimepita mita moja. Lakini kingekuwa kinapungua nusu kila sekunde, kwa muda ule ule kingebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Mwanzo wao ulikuwa mmoja, na mwisho wao ni mbingu na ardhi.

Kwa hivyo mwaona, tusiulize msukosuko wa kwanza umetoka wapi. Misukosuko midogo haikosekani kamwe: mlango umefungwa, mtu amepita, gari limetetemesha ukuta. Linaloamua ni kama mtiririko wenyewe wailisha misukosuko hiyo au waiua njaa.

UPEPO WA KUSI JUU YA MAJI

Sasa twende baharini. Wakati wa maleleji, pepo zikibadilika, kuna asubuhi ambazo mkondo ulio kati ya Shimoni na Wasini walala kama sahani. Halafu upepo waanza, na uso wa maji wafanya makunyanzi. Kusi likikaza, makunyanzi yawa mawimbi. Upepo ulikwenda sawa na maji yalikuwa sawa. Mawimbi yametoka wapi?

Wanasayansi wawili, Helmholtz wa Ujerumani mwaka 1868 na Kelvin wa Uingereza mwaka 1871, walilifanyia hesabu. Tuseme uso wa maji umeinuka kidogo mahali. Hewa ikipita juu ya kile kilima lazima iharakishe, na hewa ikienda kasi, mgandamizo wake hupungua. Ni jambo lile lile ambalo huinua paa la mabati upepo ukiwa mkali. Basi kilima huvutwa juu zaidi, na penye bonde hewa hupunguza mwendo na kugandamiza chini zaidi. Kilima chalishwa na bonde lachimbwa. Wa kupinga ni wawili: uzito wa maji, ambao huyarudisha chini, na ule utando wa uso wa maji, ambao hutaka kunyooka. Upepo ukiwashinda hao wawili, wimbi huzaliwa.

Kelvin akapiga hesabu hadi mwisho, akapata kwamba upepo lazima ufike kasi ya mita 6 na nusu kwa sekunde hivi, sawa na kilomita 23 kwa saa, ndipo mawimbi yaanze.

Lakini wapi! Muulizeni mvuvi yeyote. Makunyanzi huonekana kwa upepo mdogo kuliko huo kwa mbali. Hesabu ya Kelvin haikuwa na kosa ndani yake, ila alidhania upepo una kasi moja kutoka usoni mwa maji hadi juu. Upepo wa kweli si hivyo: chini, karibu na maji, ni mzito wa mwendo, na huzidi kasi kila ukipanda. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1957, ndipo John Miles na Owen Phillips, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza vizuri zaidi. Phillips alionyesha kwamba vipigo vidogo vidogo visivyo na mpango vilivyomo ndani ya upepo huanzisha makunyanzi ya kwanza. Miles alionyesha kwamba kuna kimo fulani juu ya maji ambapo upepo huenda kasi sawa na wimbi lenyewe, na hapo upepo huweza kuligawia wimbi nguvu zake muda mrefu.

Mimi hapa napata funzo. Miaka 86 ilipita kati ya Kelvin na hao wawili, na aliyekuwa na ushahidi muda wote huo ni mvuvi aliyeangalia maji. Elimu ya kalamu na elimu ya macho zahitajiana. Kijana asiidharau ya babu yake, na babu asiidharau ya kijana wake.

FUMBO LA BOMBA

Kuna fumbo moja lililowasumbua wanahisabati zaidi ya miaka 100, nalo ni lile lile bomba la Reynolds. Walipotia msukosuko mdogo sana kwa kalamu na kufuata hesabu, kila walipojaribu jibu lilikuja: utakufa. Hata namba ya Reynolds iwe kubwa namna gani, msukosuko mdogo mno hufa. Lakini mifereji yetu yavurugika kila siku! Sasa nani mwongo, kalamu au mfereji?

Hakuna mwongo. Reynolds mwenyewe aliona kwamba akituliza maji kwa uangalifu mkubwa kabla hayajaingia bombani, aliweza kupanda hadi 13,000 hivi bila mvurugiko. Waliomfuata, kwa vyombo vilivyolainishwa zaidi, wakafika hadi 100,000. Kwa hivyo kalamu ilisema kweli: msukosuko ukiwa mdogo mno, hufa. Lakini mwaka 1993 watafiti wa Marekani walieleza jambo ambalo lilikuwa limejificha. Misukosuko miwili ambayo kila mmoja peke yake ni wa kufa, ikikutana huweza kupandishana juu kwa muda kabla ya kufa. Na ikiwa katika muda huo imefika ukubwa fulani, haifi tena. Hujishika na kuendelea.

Mwaka 2011 kikundi kingine cha watafiti kikaipata ile namba yenyewe kwa bomba: 2040 hivi. Walitazama vibonge vya mvurugiko vikisafiri ndani ya maji matulivu. Kila kibonge kina mambo mawili: ama kitakufa, ama kitajigawa kuwa viwili. Chini ya 2040, vingi hufa kabla ya kuzaa. Juu yake, huzaa kabla ya kufa, na bomba lajaa. Ukiwaza, uvumi mtaani ni namna hiyo hiyo. Neno baya halikomi kwa sababu aliyelianzisha amenyamaza. Hukoma pale ambapo wanaolizima ni wengi kuliko wanaolipokea na kulipitisha. Na tuko katika mwezi wa kuzuia ndimi.

Wala musidhani mvurugiko ni balaa tupu. Bila ya huo, sukari ndani ya kikombe cha chai ingekaa chini saa nyingi ikingoja kuenea yenyewe. Sisi twakoroga mara mbili tatu na yamekwisha. Harufu ya pilau isingefika kwa jirani upesi.

MWEZI NA WINGU

Sasa nafika pale nilipokuwa napataka. Kuna ndugu huuliza: hawa watu wa hali ya hewa wanaotabiri mvua na dhoruba, je, hawadai kujua ghaibu? Na mwingine husema: mbona wametuonya na halikutokea kitu? Basi ni waongo.

Tazameni tofauti hii. Wataalamu wa nyota huweza kuhesabu leo saa na dakika ambayo mwezi na jua vitakutana upande mmoja miaka 50 ijayo. Kupatwa kwa jua huandikwa kwenye vitabu kabla ya kizazi kizima. Lakini nani aweza kutwambia leo kama jioni ya tarehe 29 mwezi ujao kutakuwa na wingu upande wa magharibi hapa Kikoneni, la kuuziba mwezi mwandamo? Hakuna. (Na hukumu ya mwandamo nawaachia mashekhe wetu, mimi nazungumza hesabu tu.) Kwa nini mwezi ulio mbali kilomita laki tatu na themanini na ushei wahesabika, na wingu lililo juu ya vichwa vyetu halihesabiki? Kwa sababu katika mwendo wa mwezi, kosa dogo hukua polepole sana. Katika hewa, kosa dogo hulishwa na kujizidisha kwa siku chache.

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, alikuwa akiendesha mfano wa hali ya hewa ndani ya kompyuta. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu. Mwanzo majibu yalifuatana. Kisha yakaanza kuachana, na baadaye hayakufanana hata kidogo. Mwaka 1963 alichapisha maelezo yake, na tangu hapo twajua kwamba utabiri wa hewa una mpaka.

Tufanye mfano. Tuseme kosa katika kupima upepo lajizidisha mara mbili kila siku 2. Baada ya siku 14 limejizidisha mara 7, nalo sasa ni kubwa mara 128. Haya, serikali inunue vyombo bora, kosa la mwanzo lipungue nusu. Tumefaidi nini? Siku 2 tu. Lipunguze tena nusu, siku 2 nyingine. Ndiyo maana wataalamu wengi hukadiria kwamba utabiri wa siku kwa siku hauwezi kupita wiki mbili hivi. Hawakosi bidii. Hewa yenyewe ndiyo iliyoumbwa hivyo.

Mwezi wa Mei 2024 tulionywa kuhusu kimbunga Hidaya. Pwani ya Kenya watu wakaambiwa wasiingie baharini. Tarehe 4 Mei kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kisha kikadhoofika. Huku kwetu hatukupata pigo lililohofiwa, alhamdulillah. Wako waliosema, "Tumetishwa bure, tumekosa samaki na riziki." Mimi nawaelewa, kwani siku moja bila kwenda baharini kwa mvuvi si jambo dogo. Lakini sasa twajua: aliyeonya hakudai ghaibu wala hakusema uongo. Alikuwa na kitu ambacho tofauti ndogo katika mwendo wake ingekipeleka kaskazini au kukiua. Alisema "huenda," na "huenda" ya mtu aliyepiga hesabu si sawa na "huenda" ya mbashiri. Anayesema "mara iliyopita hakikuja, kwa hivyo na hiki hakitakuja" ndiye yule aliyesema kivuko jana kilivuka salama.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, hasa kwa vijana wenye vyombo na wenye jamaa baharini. Onyo likitolewa, tulichukue kama lilivyo: si hukumu iliyokwisha andikwa, na si porojo. Tufunge vyombo, tuzuie watoto, kisha tumtegemee Mola. Kufunga ngamia na kutawakali havigombani.

NENO LA MWISHO KWA WANAFUNZI

Wako vijana hapa wanaodhani hisabati ni ya watu wengine. Jina lenyewe la aljebra limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya tisa. Na kazi haijakwisha. Ile milinganyo ya Navier na Stokes, mwaka 2000 taasisi ya Clay ya Marekani iliiwekea zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kwamba majibu yake hubaki laini daima, au kwamba huweza kuvunjika. Zaidi ya miaka 20 ikapita bila mtu kuichukua zawadi ile. Kwa nini asitokee mtoto wa Kikoneni, aliyehifadhi juzuu zake madrasa na akajifunza hesabu zake skuli, akalijaribu? Vifaa vya kuanzia viko nyumbani: chetezo, mfereji na jicho lenye subira.

Mtu mwenye utulivu wa kweli si yule ambaye hajatikiswa. Ni yule ambaye akitikiswa hurudi. Hilo ndilo hisabati hulitafuta katika maji na hewa, na saumu hutuzoesha nafsi zetu kwalo, siku baada ya siku.

Allah azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, awalinde ndugu zetu walioko baharini, na atuzidishie elimu yenye manufaa.